Bomba Lililoishia Katikati

Mume wangu Hilmi hakupiga chafya kama watu. Alipiga mara kumi na moja mfululizo, nikizihesabu kutoka jikoni, kisha anatema, kisha anarudi kwenye mbao zake. Miaka ishirini na tisa nilizihesabu chafya hizo, na kila mara nilimpigia kelele kupitia ngazi: "Funga mdomo na kitambaa, mwanamume wewe!" Naye ananijibu: "Nikiufunga nitakujibu na nini?" Ndivyo tulivyoishi, karakana chini, sisi juu yake, na juu yetu saruji mbichi ya nyumba ya mwanetu Karam. Damietta nzima, mji wetu wa maseremala huku Misri, inaishi hivyo. Ukitaka kujua mtu ana watoto wa kiume wangapi, angalia nondo zinazochungulia juu ya paa lake.

Mwezi wa tisa chafya zilikoma. Nilifurahi, mjinga mimi. Kumbe hakuwa tena na pumzi ya kupigia chafya. Ngazi zetu ni kumi na nane, na siku moja nilimkuta amekaa kwenye ya saba, ameshika ukuta, midomo imekuwa rangi ya risasi. Nilimburuta kwa daktari wa kifua akiwa bado na penseli sikioni.

Daktari alitundika picha ya mapafu kwenye taa, akaipitisha kalamu juu yake. Hapa hamna kitu. Hapa pia hamna kitu. "Nusu imekwenda," akasema. "Nusu iliyobaki ni ya kutunza. Akikaa mbali na vumbi la mbao anaweza kuwalea wajukuu. Akirudi kwenye vumbi, hataufikia msimu wa joto."

Hilmi akamuuliza kama basi anaweza kufanya kazi nusu siku, maadamu mapafu yamebaki nusu. Daktari hakucheka. Niliyecheka ni mimi, tena kwa hasira, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Kufunga karakana halikuwa jambo la kuzungumzwa. Karam alikuwa ameposa, harusi imepangwa baada ya baridi, na hakuna kazi nyingine aliyoijua. Nikasema vumbi ndilo litakalohama, sisi hatuhami. Nikampigia simu mdogo wangu Wagdi.

Wagdi ni fundi wa majokofu kwenye maghala ya samaki huko Ezbet el-Burg, pale mto unapoingia baharini. Maisha yake yote ni feni na mabomba. Alikuja Ijumaa, mashine zikiwa zimezimwa, na chaki, kamba na futi ya kukunja. Hilmi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, kwa kuwa nilimkataza kuingia ndani zaidi ya hapo.

"Huyu anapoza samaki," Hilmi akasema, "leo amekuja kunipoza mimi?"

"Shemeji, samaki wangu wana hali nzuri kuliko yako."

"Samaki wako wamekufa."

"Ni kweli. Lakini hawakohoi."

Hilmi alicheka mpaka nikalazimika kumpiga mgongoni.

Wagdi akaichora karakana yote sakafuni kwa chaki. Tulikuwa na mashine nne: msumeno wa meza, randa, msumeno wa mkanda na mashine ya msasa. Aliizunguka kila moja kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza inatema nini na inatema upande gani. Akachota maranda chini ya randa, akayaachia yaanguke. "Haya hayana neno. Haya unayafagia." Akachota unga chini ya msumeno. "Huu unaouona unaelea kwenye mwanga wa mlango, huu nao pua itaukamata." Kisha akaweka mkono juu ya mashine ya msasa. "Mwuaji ni unaotoka hapa, na huwezi kuuona kabisa. Ni mwembamba mno. Unakaa hewani saa nzima baada ya mashine kuzimwa, na pua haiwezi kuuzuia. Mbao hii yenu ngumu inayotoka Romania ndiyo mbaya zaidi." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sinia la chai mkononi.

Mpango wake ulikuwa mzuri. Feni ikae chini ya ngazi. Bomba kuu lipite ukutani, nene karibu na feni na jembamba kadiri linavyokwenda mbali. Matawi yaingie kwa mshazari, kwa sababu kila kona kali inakula upepo. Kila mashine iwe na kilango chake cha bati: unafungua cha mashine unayotumia, vingine vinabaki vimefungwa. Mashine ya msasa ihamie karibu na feni, ipate upepo mkali kuliko wenzake.

"Ukiiweka pale," Hilmi akasema kutoka mlangoni, "mbao za mita mbili na nusu nitazigeuzia wapi? Chooni?"

"Zigeuze kwa mshazari."

"Umewahi kupiga msasa mlango wa kabati wewe?"

"Umewahi kupumua wewe?"

Walibishana hivyo mpaka adhuhuri, wakafuta chaki, wakachora upya, na mwisho Hilmi akasahau amri yangu, akaingia, akapiga magoti, akachora mwenyewe mahali pa mashine ya msasa. Sikumgombeza. Nilikuwa sijamwona ana furaha hivyo tangu Karam alipozaliwa.

Likabaki swali la mwisho, uchafu utokee wapi. Maranda na chembe nzito zingeanguka kwenye pipa chini ya ngazi. Ule unga mwembamba ulihitaji njia ya kutoka nje. Kwenye kichochoro hapakuwezekana, maana mbele yetu kuna maduka ya samani na nguo za watu kwenye kamba, na sitaki kutukanwa na mtaa mzima. Kilichobaki ni kisima cha hewa. Kila nyumba yetu inacho: uwazi wa mraba katikati ya jengo, kutoka chini hadi paani, na madirisha ya nyuma ya kila ghorofa yanafunguka humo. Humo ndimo yanamopita mabomba ya maji machafu, harufu za kukaanga na matusi ya majirani. Wagdi akapiga mstari wa chaki ukutani mwa kisima: bomba litoke karakana, lipite dirisha la jiko langu, lipite dirisha la jiko la Karam, litokee juu ya paa kwa mita moja na nusu, na kofia ya bati juu yake.

"Huko juu upepo wa bahari utachukua kila kitu," akasema. "Shemeji atapumua kama mtoto."

Jumapili akaja Bi Saniya, mama wa mchumba wa Karam. Kwetu upande wa mwanamume hutoa nyumba na dhahabu, na upande wa mwanamke huleta vyombo vyote, kuanzia kitanda mpaka kijiko. Kwa hiyo mama wa bibi harusi huja kupima vyumba, na akija huangalia mengine yote. Alikuja na bata aliyejazwa vitunguu na futi ya fundi cherehani. Alipima sebule, akapima chumba, akaingia jikoni, akafungua dirisha la kisima, akauona mstari wa chaki.

"Hii ni nini, Mama Karam?"

Nikamweleza.

"Bomba litapita hapa? Mbele ya dirisha la mwanangu?"

"Ni bomba tu, Bi Saniya. Halitaingia kunywa chai."

"Litanguruma mchana kutwa. Na litakula mwanga wote, kisima chenyewe hiki kama shimo la panya." Akafunga dirisha taratibu, kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitisha. "Mimi nampenda Karam. Wallahi nampenda. Lakini mwanangu ameposwa na familia. Sikuambiwa anaolewa na kiwanda. Watu watakuja kuangalia vyombo, wataingia jikoni, wataona nini? Bomba la uchafu?"

Alimwacha bata, akaondoka bila kunywa chai. Mtu wa kwetu akiondoka nyumbani kwako hajanywa chai, uchumba uko taabani.

 Karam alikula kidogo siku hiyo, akashuka, akakaa kwenye mbao. Hilmi akaniambia, "Tuuache huo mpango, Inshirah. Nitafunga kitambaa." Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa na mume wa kuokoa na mwana wa kuozesha, na mimi si mwanamke wa kuchagua. Nikaamua bomba liishie katikati. Lipite dirisha langu, maana mimi sina wa kumwonea haya, na likomee hapo, chini ya dirisha la Karam, ndani ya kisima.

Wagdi alikataa. Tulisimama kwenye dirisha la jiko langu, yeye na futi yake, mimi na mwiko.

"Dada, ukilikata hapa unalitapisha ndani ya nyumba."

"Ndani ya kisima. Kisima chenyewe si bomba? Bomba kubwa la saruji, liko wazi juu. Litapanda lenyewe."

"Basi tuweke mfuko wa kuchujia."

"Uko wapi?"

Akakuna kichwa. Mifuko ya kitambaa inayouzwa kwetu huzuia maranda tu. Ule wa kuzuia unga mwembamba ulipaswa kuagizwa ng'ambo, miezi mitatu, labda minne. "Unataka shemeji yako asubiri miezi minne?" nikamwuliza. Wagdi akakunja futi yake. Akashuka, akawasha ubani kwenye chetezo, akaushika chini ya kisima. Ilikuwa siku nzuri ya vuli, mbingu safi. Moshi ulipanda wima, ukapita dirisha langu, ukapita la Karam, ukatoka juu bila kugusa ukuta.

"Unaona?" nikasema.

"Naona." Akaendelea kutazama juu. "Kikiwa wazi, sawa."

Je, alisema hivyo kweli? Yeye anasema alisema. Nadhani alisema. Mimi nilikuwa nimeshashinda, sikuwa nasikiliza tena.

Siku kumi kazi ikaisha. Karam alipobonyeza swichi mara ya kwanza, feni ilivuta pumzi ndefu, karatasi moja ikaruka kutoka kwenye meza ya msumeno ikaingia bombani, na mafundi wetu wa karakana wakapiga makofi. Baada ya wiki moja sakafu ilikuwa safi hata ya kukandia unga wa mkate. Watu walikuja kuangalia, seremala kwa seremala, wakishika vilango, wakifungua na kufunga. Mmoja akaniambia, "Laiti mke wangu angekuwa na nusu ya kichwa chako." Nilijivuna. Kwa nini niseme uongo? Nilitembea kichochoroni kifua mbele.

Hilmi sikumruhusu kushuka. Daktari alisema apumzike mpaka baridi ipite, nami nikasema neno la daktari ni sheria. Chumba chetu cha mbele kinatazama kichochoro, na siku nzima bajaji hupita zimebeba makabati zikipiga honi. Nikamhamishia chumba cha nyuma, kwenye utulivu, kitanda chini ya dirisha la kisima. Kila asubuhi saa mbili, baada ya mkate, jibini na dawa zake, nilifungua dirisha hilo nikafunga pazia pembeni kwa utepe. "Vuta hewa," namwambia. "Hewa ni dawa." Saa mbili hiyo hiyo Karam alikuwa akibonyeza swichi chini.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja ikaja dhoruba ya kwanza. Mvua zetu hazichezi, zinatoka baharini na zinaingia kila mahali, na kisima kisipofunikwa maji humwagika madirishani. Tangu nimeolewa, mvua ya kwanza ikinyesha, napanda paani na kutandika karatasi ngumu za plastiki juu ya kisima mpaka mwezi wa tatu. Kila mwanamke wa mtaa wetu anafanya hivyo. Mwaka huo nilifunika kwa bidii zaidi, kwa sababu lipu ya jiko la bibi harusi ilikuwa mbichi na sikutaka Bi Saniya aone hata doa moja. Nilizifunga kwa kamba, nikaziba pembeni kwa magunia, nikaweka matofali juu. Nilishuka nimelowa mpaka mifupani, nikamwambia Hilmi, "Sasa hata tone halitaingia."

Alianza kuomba dirisha lifungwe mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili.

"Mama Karam, funga kidogo. Kifua kinabana."

"Kinabana kwa sababu ya dawa. Vuta hewa."

"Baridi, mke wangu."

"Ongeza blanketi. Umekula vumbi miaka thelathini hukulalamika, leo unalalamikia hewa safi?"

Ndivyo nilivyomwambia. Maneno yangu yote nayakumbuka moja moja. Kuna siku aliinuka mwenyewe akalifunga, akishikilia ukuta, nami nikatoka jikoni na mikono ina mafuta nikalifungua tena, nikamwita mtoto mtukutu. Alitabasamu, akageukia ukutani.

Mimi ni mwanamke wa usafi, mtaa mzima unajua. Kila siku nilipangusa kabati la chumba kile. Vumbi lilikuwepo, na ni wapi Damietta pasipo na vumbi? Lilikuwa jepesi, kitambaa kilipita juu yake kikateleza, na lilikuwa jembamba kuliko nililolizoea. Nilisema ni la kichochoro. Harufu ya mbao sikuisikia, kwa kuwa nimezaliwa ndani yake. Hilmi naye pua yake ilikufa zamani, hakujua hata mchuzi ukiungua.

Daktari alipiga picha nyingine, akaitundika kwenye taa. "Una hakika yuko mbali na vumbi?"

"Hajashuka karakana wiki saba," nikamwambia. "Namlinda kama yai."

Akaniamini. Nani asingeniamini? Akaongeza vidonge, akatuandikia mtungi wa oksijeni, akasema kuna maradhi ambayo yakishaanza hayarudi nyuma hata chanzo kikiondoka. Nikarudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia Mungu, astaghafirullah, kwa sababu mimi nilikuwa nimefanya kila kitu.

Wagdi alikuja katikati ya mwezi wa kwanza na samaki kwenye barafu, kumwangalia mgonjwa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Chini Karam na wenzake walikuwa wanapiga msasa vitanda viwili vya kusafirishwa, mashine haikunyamaza tangu saa mbili. Hilmi alikuwa amelala na mrija puani. Wagdi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika shemeji yake mguu juu ya blanketi, akainua macho dirishani.

"Mbona giza?"

"Nimefunika kisima. Mvua."

 Wagdi akasimama, akatoa kichwa nje, akatazama juu.  Kisha akautazama mdomo wa bomba lake, pale chini ya dirisha la Karam. Alipoingiza kichwa ndani nilidhani amepata kizunguzungu.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu mvua ya kwanza. Kila mwaka nafunika, hujui?"

"Na hili dirisha?"

"Nalifungua kila asubuhi. Apate hewa."

Nilisema hivyo kwa fahari. Ndipo nilipouona uso wake, na sikuhitaji aniambie kitu. Nilimsukuma, nikatoa kichwa changu. Zile karatasi za plastiki, nilizozitandika zikiwa nyeupe, zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa ndani. Kuta za kisima zilikuwa na ngozi ya unga. Kizingiti cha dirisha kwa nje, mahali ambapo kitambaa changu hakifiki, nilitia kidole kikazama mpaka kwenye ukucha. Na hewa yenyewe, ukiitazama kwa ubavu kwenye kile kimwanga kidogo, ilikuwa inatembea.

Nilifunga dirisha. Nililifunga kwa nguvu, kioo kikapasuka, na Hilmi hakuamka.

Wagdi alipanda paani akang'oa plastiki zote, akashuka karakana, akamwambia Karam mota inataka kuungua, mashine zizimwe. Aliporudi nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Nitamwambia Karam," nikasema. "Na huyu akiamka nitamwambia."

"Utamwambia Karam nini?"

"Kwamba nimemfukiza baba yake kama nzi."

Wagdi akachuchumaa mbele yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Dada, wewe ulifungua dirisha. Mimi nilikata bomba. Lakini kila asubuhi saa mbili aliyekuwa anabonyeza swichi ni nani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitamani kumpiga kwa kulifikiria kabla yangu.

Tulimrudisha Hilmi chumba cha mbele, kwenye honi na makelele, na akaishi siku tisa. Siku ya nne alionekana nafuu, nami nikaanza kufanya hesabu za kijinga, kwamba labda, kwamba Mungu ni mkubwa. Alikula samaki kidogo. Aliniuliza kwa nini nimemhamisha, nikamwambia kioo kimevunjika. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nimekaa kwenye kiti, nimemshika mkono wenye makovu ya patasi. Akaniambia, akipumzika baada ya kila neno, "Umenihangaikia sana, Inshirah. Mimi nisingejihangaikia hivyo." Nikamnyooshea blanketi, na maneno yangu yakabaki kwangu. Sijui kama nilimhurumia au nilijihurumia. Mchana nadhani ni yeye, na usiku nadhani ni mimi.

Alikufa Alhamisi hospitalini, tulikomkimbiza usiku uliotangulia, kabla ya sala ya adhuhuri.

Wanaume walikaa kwenye turubai kichochoroni, wanawake kwangu, ghorofa ya kwanza, kahawa bila sukari na msomaji wa Kurani kwenye spika. Wakanisifu. Mmoja baada ya mwingine walinibusu mabega na kunisifu. Huyu ndiye mke. Huyu alipigana na vumbi mpaka mwisho. Karakana yake ingia uone, huoni hata chembe. Bi Saniya alikaa kando yangu, amenishika kiganja, naye alikuwa analia kwa dhati. "Angalau miezi yake ya mwisho alivuta hewa safi," akasema. "Na ni kwa juhudi zako."

"Nimemuua mimi," nikasema.

Sikusema kwa kunong'ona. Nilisema kwa sauti yangu ya ngazini, ile ya miaka ishirini na tisa. Chumba kizima kilisikia. Nikaendelea: nilikata bomba, nikafunika kisima, nikafungua dirisha, aliniomba nifunge nikakataa, nimemuua kwa mikono hii. Wakanishika mikono hiyo. Mmoja akanipaka maji ya maua usoni, mwingine akasema ni uchungu unaosema, wajane wote husema hivyo, yeye mwenyewe alisema hivyo mumewe alipokufa kwa sukari. Bi Saniya akanikumbatia kichwa kifuani pake. "Usimkufuru Mungu, mwenzangu. Wewe ulimwongezea siku." Nikarudia. Mtu akaongeza sauti ya spika.

Siku ya tatu, turubai liliposhushwa, Karam alipanda akanikuta jikoni. Alikuwa amenyoa vibaya na macho yamevimba, na amevaa ile sweta ya baba yake ya kazini. Akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, mama yake mchumba wangu anasema ulisema maneno juzi. Juu ya bomba."

"Nilisema mengi juzi."

"Anasema ulisema bomba ndilo." Alikuwa anatazama sakafu. "Mimi ndiye niliyekuwa nawasha, mama. Niambie. Kuna kitu nilifanya?"

Nilikuwa na sufuria ya dengu mkononi. Niliiweka mezani, nikavuta kiti, nikamkatia mkate.

"Uchungu tu, mwanangu," nikamwambia. "Kaa ule."

Akakaa. Alikula bila kuniangalia, na alipofika katikati ya bakuli akaanza kukohoa.